Kamba ya Pili

Jumapili, tarehe 18 Juni 1961. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka nyika za Dartmoor, Uingereza, ukaumeza mnara wa kanisa la Holnecott kuanzia katikati kwenda juu, na mvua nyembamba ikanyesha bila haraka, ile inayomlowesha mtu kabla hajajua kuwa imeanza. Kengele hazikulia. Polisi walikuwa wameufunga mnara tangu jana jioni.

Inspekta Amos Trudgeon alisimama kwenye mlango wa banda la makaa, nyuma ya mnara, kofia mkononi. Maiti ya mwanakijiji Reuben Chugg ilikuwa imekwisha kupelekwa mjini, lakini kuta zilikuwa bado zinasimulia. Damu iliruka mpaka kwenye boriti. Vipande vya meno vilikuwa vimeokotwa kati ya makaa. Muuaji alimpiga Chugg akiwa amesimama, akampiga akiwa amepiga magoti, kisha akaendelea kumpiga mtu ambaye hakuwa tena na uso wa kupigwa. Alitumia ulimi wa kengele, kile chuma kizito kinachogonga ndani. Ulikuwa umechakaa, ukateremshwa kutoka mnarani zamani, na kazi yake ikabaki kuzuia mlango wa banda usifungwe na upepo.

Trudgeon alifumba macho. Yeye alikuwa Mmethodisti, wa kanisa dogo lisilo na mnara wala kengele, na kila alipofika mahali pa mauaji aliomba kwanza, akauliza baadaye.

"Bwana, mpokee Reuben," alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi unipe macho."

Akavaa kofia. Sajini Hext alikuwa anakuja kati ya makaburi, koti limemlowa, uso umemkunjamana.

"Umetoka kwa akina Pethick?"

"Nimetoka huko, mkuu. Heri nisingekwenda." Hext alitema mate kando. "Wamevunja madirisha yote alfajiri. Mzee Pethick alipotoka na fimbo yake, wakamnyang'anya wakampiga nayo. Taya limevunjika. Mbwa wao wamemnyonga, wakamtundika langoni."

"Nani amefanya?"

"Hakuna aliyeona. Kijiji kizima kimeingiwa na mtoto wa jicho kwa usiku mmoja."

"Na Corin umemwambia?"

"Nimwambieje? Yuko mahabusu, anachouliza ni kama baba yake amekula."

Corin Pethick, kijana wa kijiji jirani, alikamatwa jana yake. Ijumaa usiku, mbele ya baa nzima, alikuwa amemvunja Chugg pua kwa ngumi, na Jumamosi alikutwa amelala nyuma ya ua, mlevi, shati lina damu. Alisema damu ni ya Ijumaa. Alipoulizwa kwa nini hakubadilisha shati alijibu kwamba mama yake alikwisha kufa, sasa nani angemfulia. Hakuna aliyemwamini. Tena saa ya fedha ya Chugg ilikuwa imetoweka mfukoni, na kwa sheria ya nchi aliyeua huku akiiba hafungwi, hunyongwa. Bosi wa Trudgeon alitaka Corin afikishwe mbele ya mahakimu kesho asubuhi.

"Tumemkamata kwa sababu ndiye aliyebaki tulipowaondoa wengine wote," alisema Trudgeon. "Leo nataka kuangalia tulivyowaondoa. Nianzishie."

"Jana yalikuwa mashindano ya kengele, mkuu. Timu za vijiji sita. Waamuzi wamefungiwa chumbani kwa kasisi, mapazia yamefungwa, wasijue nani anapiga. Wanasikiliza makosa tu. Holnecott walipiga mwisho. Chugg alionekana mzima akimimina chai wakati wanapanda mnarani. Waliposhuka na kukabidhiwa kikombe, mama mmoja wa kuhudumia chai akaenda kuchukua makaa, akapiga ukelele. Watu wote walikuwa kwenye majani, wanaonana. Aliyekosekana ni Corin."

"Na hawa waliokuwa juu?"

"Hao ndio wasafi kuliko wote. Kengele sita, watu sita. Mtu hawezi kuvuta kamba huku anaua mtu bandani. Na kengele sita tulizisikia sote, mimi nikiwa na mkate mdomoni."

"Nipeleke juu."

Ngazi za mawe zilizunguka ndani ya ukuta kama skrubu. Zilitokea kwenye chumba cha mraba chenye kamba sita zilizoning'inia kwa duara kutoka kwenye matundu ya dari, kila moja ikiwa na sehemu nene ya sufi nyekundu na nyeupe ya kushikia. Trudgeon alinyoosha mkono. Hext akamdaka kiwiko.

"Usiguse, mkuu. Tafadhali. Zimesimama."

"Zimesimama vipi?"

"Midomo juu. Kengele ikipandishwa hukaa hivyo, imejishikilia kidogo tu. Ukivuta, inaanguka na uzito wa ng'ombe, na kamba inapanda na chochote kilichoishika." Hext alikunja shati akaonyesha mkono wake uliopinda. "Huu ulikuwa umenyooka kabla sijavuta kamba ya kengele iliyosimama nikidhani imelala. Ndiyo siku niliyoacha kengele nikaingia polisi. Mama alisema polisi ni salama zaidi."

"Kwa nini hawakuzishusha jana?"

"Mshindi hurudi juu kupiga tena baada ya kupewa kikombe. Ndiyo desturi. Safari hii hakurudi mtu."

Kwa hiyo chumba kilikuwa vilevile walivyokiacha. Trudgeon alikizunguka taratibu, mikono mgongoni. Kwenye kamba ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita, mikia, zile ncha za chini, ilikuwa imefungwa mafundo, moja juu, nyingine chini. Aliuliza sababu.

"Kila mtu anaikata kamba kwa kimo chake, bila kisu. Mrefu hufunga fundo ipungue. Mfupi huifungua iteremke."

"Na kiongozi wao, Thirza Westaway, ni mfupi."

"Ananifika kifuani. Hata sanduku la kusimamia analo. Lile pale."

Lilikuwa sanduku la mwaloni, zito, limevaa alama za viatu. Trudgeon alilitazama kwa muda. Halikuwa chini ya kamba ya kwanza, kamba ya Thirza. Lilikuwa katikati, baina ya kamba ya kwanza na ya pili. Na mikia ya kamba zote mbili ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, sawasawa, kama mapacha.

"Kamba ya pili alipiga nani?"

"Lewin. Mwanawe." Hext aliitazama tena ile mikia miwili.

"Lewin yule mwezekaji wa nyasi, anayeinama kila akipita mlangoni."

"Huyo huyo."

"Hext, mtu mmoja anaweza kupiga kengele mbili?"

Sajini alikuna shingo. "Wachache mno. Kamba moja kila mkono, na ziwe kengele nyepesi. Nimeona mara moja, sikukuu ya mavuno, nikiwa kijana. Watu walinunuliana pombe kwa kushangaa."

"Aliyepiga alikuwa nani?"

"Thirza Westaway."

Mvua ilisikika juu ya paa la mnara. Trudgeon hakuinua sauti. "Na jana hukunikumbusha."

"Jana walisema walikuwa sita, mkuu. Thirza amesema sita, mpigaji mwenzake Jethro Yeo amesema sita. Mama huyu amenifundisha kushika kamba. Sikuwaza." Kisha akaongeza polepole, "Mwamuzi wakati anatoa kikombe alisema kengele mbili nyepesi zilifuatana kama mtu na kivuli chake. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umeandaliwa tangu Ijumaa kwa karamu ya mwaka ya wapiga kengele, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiandua. Nyama ya nguruwe ilifunikwa kwa kitambaa, pai zilipangwa, pipa la pombe ya matufaha lilisimama kwenye kona, na katikati ya meza kikombe cha fedha kilitiwa maua. Timu ya Holnecott ilikaa upande mmoja: Thirza, mwanawe Lewin, Tamsin mke wa Lewin, mzee Jethro Yeo, na ndugu wawili wa ukoo wa Luxton.

"Inspekta, unatuweka mpaka lini?" aliuliza Jethro. "Nyama hii haijui kwamba kuna msiba."

"Kula, mzee wangu. Sijakuzuia."

"Nitakulaje na nyinyi mnanitazama mdomoni?"

Trudgeon alimwita Tamsin jikoni peke yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono ya sweta imevutwa mpaka kwenye vidole. Alipopokea kikombe cha chai, mkono mmoja wa sweta ukapanda. Kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama za zambarau.

"Kamba ilinikamata," alisema kabla hajaulizwa.

"Kamba ina vidole vinne na dole gumba?"

Aliuvuta chini mkono wa sweta. Trudgeon aliwaza kwamba labda amepata njia mpya: mwanamke, Chugg, mvutano bandani.

"Ni Reuben aliyekushika hivi?"

"Reuben?" Kwa mara ya kwanza Tamsin alimtazama usoni. "Reuben hakuwahi kunigusa. Reuben alinikuta uani nimeanguka akaniletea maji, basi. Akasema mashindano yakiisha atakwenda kwa kasisi, kwamba mambo haya..." Alikata maneno, akageuka kuutazama mlango.

"Mambo gani?"

"Chai yako inapoa, Inspekta. Na mume wangu yuko nje hapo."

Njia mpya ilikuwa imegeuka na kurudi kule kule kwenye kamba ya pili. Trudgeon alimwacha, akarudi ukumbini. Thirza alikuwa anamimina chai kwa birika alilolishika kwa mikono miwili. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Mama Westaway, mikono imepatwa na nini?"

"Kazi."

"Kengele ya kwanza ndiyo nyepesi kuliko zote, nimeambiwa."

"Hata nyepesi inauma ukizeeka."

"Jana mlikuwa sita mle juu?"

"Nilikwisha kusema."

"Sema tena."

Mama yule alikitazama kikombe cha fedha, kisha mwanawe. Lewin alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Twendeni mnarani, wote," alisema Trudgeon.

"Mmethodisti anataka kufundishwa kengele," alisema Lewin akiinuka. "Mwangalieni asije akabatizwa upya."

Hakuna aliyecheka.

Walipofika juu kila mmoja alijikuta amesimama mbele ya kamba yake kwa mazoea, bila kuambiwa. Thirza aliliona sanduku. Akafumba macho, akafumbua.

"Lewin, shika mkia wa kamba yako," alisema Trudgeon. "Usivute. Ushike ulivyoushika jana."

"Kengele imesimama."

"Ndiyo maana nimesema usivute."

Lewin aliushika. Mkia ulishuka ukapita magoti yake na kujikunja sakafuni.

"Jana ulipiga ukiwa umechuchumaa?"

Ndugu mmoja wa akina Luxton alipumua kwa nguvu. Lewin akauachia mkia. "Polisi wako wameichezea."

"Mnara ulifungwa kabla polisi hawajapanda."

"Thirza, mwambie," alisema Jethro.

"Nyamaza, Jethro."

"Sinyamazi. Baba wa watu amevunjwa taya alfajiri ya leo, na mtoto wake anakwenda kunyongwa, kwa ajili ya kopo la kuwekea maua?" Mzee alimgeukia Trudgeon. "Tulikuwa watano. Zamu yetu ilipofika Lewin alisema tumbo limemchafuka, akashuka mbio. Kanuni inasema kila kamba na mtu wake, la sivyo timu inatolewa. Thirza akachukua zote mbili. Akapiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga maishani, na sisi tukajiona wajanja. Tulipokuja kuulizwa tulikuwa wangapi juu, tulidhani tunaulizwa juu ya kikombe. Tukasema sita. Ndipo tukasikia kuna maiti, na neno limekwisha kutoka."

"Lewin," alisema Trudgeon, "ulikuwa wapi?"

"Chooni. Tumbo."

"Hakuwa chooni," alisema Tamsin. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Alirudi nyumbani kubadilisha suruali. Nimeikuta leo imezamishwa kwenye pipa la mvua. Maji yamekuwa mekundu."

Lewin aliruka akaidaka sufi ya kamba ya pili, akaivuta kwa uzito wake wote, akaiachia.

Juu ya vichwa vyao kengele ilianguka kwa mlio uliopasua masikio. Kamba ikageuka kuwa kitu chenye uhai. Wapiga kengele wote walirudi nyuma wakabandika migongo ukutani kama walivyofundishwa tangu utotoni, lakini Trudgeon hakufundishwa hayo na mtu. Mkia ulizunguka chumbani kama mjeledi, ukamchapa usoni, ukamfunga mkono, ukamnyanyua kutoka sakafuni. Alisikia bega lake likitoka mahali pake. Alining'inia, akatupwa ukutani, akaanguka juu ya mawe, na damu ikamjaa jicho.

Hext alimrukia Lewin. Lewin alimpokea kwa stuli, akamvunjia usoni, na sajini akaenda chini akitema meno. Lewin hakusimama hapo. Alimfikia Tamsin kwenye kona, akamkaba koo kwa mikono yote miwili, akamgonga kichwa ukutani.

"Alitaka kwenda kwa kasisi kwa ajili yako," alikuwa anasema kwa sauti karibu ya upole. "Kwa ajili yako wewe. Ningemrudisha hai nimuue tena."

Kengele iliendelea kupiga wazimu na kamba iliendelea kuruka, na hakuna aliyethubutu kupita katikati kwenda kumwokoa. Thirza alitoka ukutani. Aliitazama kamba ikishuka, ikipanda, ikishuka, akanyoosha mikono iliyofungwa vitambaa na kuidaka sufi ilipokuwa inapita. Ilimvuta mpaka akasimama kwa ncha za vidole. Vitambaa vilichanika, ngozi ikachanika pamoja navyo. Hakuiachia. Aliivuta mara moja, akaidhibiti, akaisimamisha kengele juu, na kukawa kimya.

Hapo Jethro na akina Luxton walivuka chumba wakamwangukia Lewin. Walimpiga. Walimpiga kwa ngumi na kwa viatu, wakampiga kwa ajili ya Reuben na kwa ajili ya uongo wao wenyewe, mpaka Trudgeon alipotambaa akajitia kati yao kwa mkono wake mmoja uliobaki.

"Inatosha," alisema. "Nimesema inatosha."

Hext, damu ikimchuruzika kidevuni, alimfunga Lewin pingu. Tamsin alikuwa amekaa chini, anavuta pumzi kwa mlio, lakini anavuta.

"Saa ya Chugg iko wapi?" aliuliza Trudgeon.

"Kisimani," alisema Lewin, mdomo umevimba. "Nilitaka mfikiri ni mwizi. Mkafikiri. Si kazi ngumu."

Trudgeon aliegemea ukuta. Bega lilikuwa linawaka moto. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Sikilizeni vizuri, maana nitasema mara moja. Alichosema huyu hapa, wakili wake atasema kimetolewa kwa kipigo, na uso wake utakuwa shahidi. Kisima kinaweza kutupa saa, lakini saa haisemi nani ameitupa. Mpaka sasa maneno mliyoyasema kwa polisi ni kwamba Lewin alikuwa humu. Maadamu mlikuwa sita, Corin ndiye muuaji. Kesho asubuhi atasimamishwa mbele ya mahakimu, na kutoka hapo njia yake ni moja. Nani atakwenda kuapa kwamba mlikuwa watano?"

Jethro alifungua kinywa, lakini macho yake yalimwendea Thirza. Ya wote yalimwendea Thirza, kwa sababu aliyeshika kamba mbili ni yeye, na hakuna mahakama ambayo ingeamini hadithi hiyo kwa mdomo wa mwingine.

"Mama," alisema Lewin kutoka sakafuni. Ile sauti ya dharau ilikuwa imemtoka yote, na iliyobaki ilikuwa ya mtoto. "Mama, wataninyonga."

Thirza alipiga magoti kando yake. Alimfuta damu puani kwa ncha ya aproni, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kanisani, na mikono yake mwenyewe ikamwachia damu nyingine shavuni. Alikaa hivyo kwa muda, midomo ikicheza bila sauti. Trudgeon aliijua hali hiyo, akavua kofia.

Kisha mama akainuka. Alisimama katikati ya chumba, mfupi, bila sanduku, akamtazama Tamsin kwanza, akawatazama wenzake watatu, akamgeukia sajini na Inspekta.

"Nisikieni nyote, msije mkaniacha nikageuka," alisema. "Mimi Thirza Westaway, kiongozi wa mnara huu, kesho nitasimama mbele ya mahakimu nikiwa na mikono hii, niseme kamba ya kwanza nilipiga mimi, na kamba ya pili nilipiga mimi, na mwanangu hakuwamo. Nitasema hivyo kesho, na nitasema hivyo siku watakayomhukumu, hata akinililia. Mungu ananisikia, nanyi mmenisikia."